Mshale kwenye vyombo vya fedha si kipimo cha ubora

WANUNUZI wa vitu vya kale hukutana na vijiko, uma na saa zilizogongwa alama ya mshale: mistari mitatu mifupi inayokutana kwenye ncha moja, mfano wa unyayo wa kunguru. Wapo wanaodhani kuwa alama hiyo inathibitisha fedha halisi. Sivyo. Alama hiyo, ambayo Waingereza huiita mshale mpana, humaanisha mali ya Serikali ya Uingereza, na haisemi lolote kuhusu madini.

Ubora wa fedha iliyopimwa Uingereza huonyeshwa na simba anayetembea, alama iliyoanza kutumika mwaka 1544. Simba huyo humaanisha sehemu 925 za fedha katika kila sehemu 1,000. Kando yake huwapo alama ya mji wa upimaji, kwa mfano nanga ya Birmingham. Kijiko cha jeshi chenye mshale na herufi EPNS ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa umeme, hata king'ae namna gani.

Mshale huo ulikuwa na nguvu ya kisheria. Sheria ya mwaka 1698 iliweka faini ya pauni 200, fedha nyingi mno kwa zama hizo, kwa raia aliyekutwa na mali ya jeshi yenye alama hiyo bila kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1875 ilifanya kuifuta kuwa kosa. Kitu kilichouzwa kihalali kiligongwa mshale wa pili, ncha zikikutana. Hiyo ndiyo dalili ambayo mnunuzi makini huitafuta. Makoloni nayo yalikuwa na mishale yao: wa Kanada ulizungukwa na herufi C, na wa India uliambatana na herufi I.

Wafungwa wa Uingereza pia walivalishwa nguo zilizojaa mishale, kana kwamba nao ni mali ya Serikali, hadi desturi hiyo ilipokomeshwa mwaka 1922. Hapo ndipo mshale ulipoingia kwenye fedha halisi kwa maana tofauti kabisa. Mwaka 1909, wanawake waliofungwa katika gereza la Holloway, London, kwa kudai haki ya kupiga kura walianza kutunukiwa bizimu la fedha lenye umbo la lango la vyuma, nembo ya Bunge, na juu yake mshale wa rangi ya zambarau, nyeupe na kijani. Alama ya fedheha ikageuzwa nishani. Aliyelibuni, Sylvia Pankhurst, alifariki dunia Addis Ababa, Ethiopia, mwaka 1960 na kuzikwa huko.

Katika ramani mshale huo una kazi nyingine. Idara ya upimaji ramani ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1791 chini ya Bodi ya Silaha, iliurithi na kuuchonga kwenye kuta za makanisa, madaraja na majengo, juu yake ukiwapo mstari mlalo. Kinachopimwa ni mstari huo: unaonyesha mahali ambapo urefu kutoka usawa wa bahari unajulikana, na mshale unauelekeza tu. Alama kama 500,000 zilichongwa. Siku hizi vipimo huchukuliwa kwa setilaiti, na alama hizo hazitunzwi tena.