Kalenda ya pamoja ya mtandaoni

Kalenda ya pamoja ni programu ya intaneti inayowawezesha watu wengi kuona na kurekebisha ratiba moja. Mara nyingi huambatana na usimamizi wa miradi: kugawa kazi, kuweka tarehe za mwisho na kufuatilia utekelezaji.

Historia. Kiwango cha iCalendar, kinachoruhusu programu tofauti kubadilishana tarehe, kilichapishwa mwaka 1998; Google Calendar ilianza 2006. Nchini Tanzania, PlanRep ya mtandaoni, mfumo wa mipango na bajeti za halmashauri, ilizinduliwa 2017.

Uchaguzi. Kwa kata kama Rutamba, mkoani Lindi, programu nzuri ni ile inayofunguka kwenye simu kwa bando dogo na kuonyesha ratiba hata mtandao ukikatika. Saa nazo zinahitaji uangalifu: mkutano wa saa 2 asubuhi huandikwa 08:00, anayeandika 02:00 ataamshwa saa 8 usiku. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika angalau kila miezi mitatu, uwekwe kama tukio linalojirudia. Idi hutegemea kuandama kwa mwezi, hivyo tarehe yake iwe rahisi kusogeza. Ijulikane pia nani anaruhusiwa kuhariri na nani kusoma tu.

Mipaka. Si kila mwanakijiji ana simu janja. Tangazo la ubaoni na la msikitini hubaki na kazi yake. Kalenda hulisaidia, haichukui nafasi yake.