Saint-Denis: Historia Fupi ya Kanisa la Wafalme wa Ufaransa

Kanisa la Saint-Denis liko kaskazini mwa Paris, katika mji uliochukua jina lake. Kwa zaidi ya miaka elfu lilikuwa kanisa la abasia, na kwa karne nyingi watawa wake walikuwa Wabenediktini, wa kanuni ileile inayofuatwa leo Peramiho na Ndanda nchini Tanzania. Wafalme wa Ufaransa, isipokuwa wachache, walizikwa humo. Humo pia ndimo ulimochipuka mtindo wa ujenzi uitwao Gothiki. Sifa hiyo ya pili ndiyo iliyolipeleka jina la kanisa hili mbali zaidi, na haiwezi kuelezwa bila kumtaja Abate Suger.

Chanzo cha yote ni kaburi. Mtakatifu Dionisi, askofu wa kwanza wa Paris, aliuawa kwa ajili ya imani katika karne ya 3 pamoja na wenzake Rustiko na Eleuteri. Masimulizi ya kale, ambayo watawa hawakuchoka kuyarudia, yanasema kwamba baada ya kukatwa kichwa kilimani Montmartre aliinama, akakiokota kichwa chake, akatembea nacho hadi mahali alipotaka kulazwa. Ndiyo maana wachongaji humwonyesha akiwa amekishika mikononi. Mnamo 475 hivi Mtakatifu Genovefa alihimiza kanisa lijengwe juu ya kaburi hilo. Malkia Arégonde alizikwa hapo katika karne ya 6, na pete yenye jina lake ilifukuliwa mwaka 1959. Hata hivyo abasia ilimhesabu Mfalme Dagobert kuwa baba na mwanzilishi wake, kwa kuwa aliineemesha kwa ardhi na mali. Alizikwa humo mwaka 639, akawa mfalme wa kwanza kupumzika karibu na shahidi.

Mwaka 754 Papa Stefano II alimpaka Pépin, mfalme wa Wafaranki, mafuta ya ufalme hapohapo, pamoja na wanawe wawili, ambao mmoja wao ndiye Charlemagne. Abate Fulrad akajenga kanisa jipya, likawekwa wakfu mwaka 775 Charlemagne akiwapo. Kanisa hilo lilidumu karibu karne nne, na ndilo alilolikuta mtoto Suger.

Suger alizaliwa mnamo 1081, si katika ukoo mkubwa. Wazazi wake walimtoa kwa abasia akiwa na umri wa miaka kama 10, na katika shule ya watawa alifahamiana na kijana wa kifalme, Louis VI wa baadaye. Urafiki huo uliifaa abasia kupita kiasi. Mwaka 1122 Suger alichaguliwa kuwa abate. Miaka miwili baadaye, Kaisari Heinrich V wa Ujerumani alipotishia kuivamia Ufaransa, Louis, ambaye sasa alikuwa mfalme, alikwenda kuchukua bendera ya vita juu ya altare ya Mtakatifu Dionisi, na kaisari akarudi kwao bila kupigana.

Hapo kabla palikuwa na suala la Abélard, mwanafalsafa aliyeishi abasiani kama mtawa. Alitia shaka kama mtakatifu wa kaburini ndiye yule Dionisi wa Areopago aliyeongolewa na Mtume Paulo mjini Athene. Ndugu zake watawa hawakulifurahia swali hilo. Suger, mara tu aliposhika uongozi, alimruhusu aishi kwingine, na utulivu ukarejea.

Abate mpya alianza na mashamba: alizifufua haki zilizosahauliwa, akapandisha mapato, kisha akageukia kanisa. Lilikuwa dogo mno. Siku za sikukuu waumini walisongamana hadi wanawake wakalazimika kupita juu ya vichwa vya wanaume ili waifikie altare. Hivyo ndivyo alivyoandika mwenyewe katika vitabu alivyoacha kuhusu ujenzi huo. Vitabu hivyo ni hazina, kwani viongozi wachache wa zama zile walieleza kazi ya ujenzi kwa undani namna ile.

Humo ndimo tunamopata kisa cha mihimili. Maseremala walimhakikishia kwamba miti mikubwa ya kutosha haipatikani tena katika eneo lote. Suger akakosa usingizi, akaamka na kuwachukua mafundi hadi msitu wa Yvelines, akapenya vichakani. Kabla ya jioni walikuwa wamepata mihimili 12, idadi iliyohitajika barabara. Kuna pia habari za machimbo ya Pontoise, ambako wakubwa kwa wadogo walijifunga kamba na kuyavuta mawe wenyewe. Na siku moja tufani ilizipiga kuta wakati matao yalipokuwa bado hayajashikwa na chochote. Askofu wa Chartres, aliyekuwa akiadhimisha misa ya kumwombea Dagobert, aliunyosha mkono wake uliobariki, na matao yakasimama.

Upande wa magharibi ulimalizika kwanza na kuwekwa wakfu tarehe 9 Juni 1140. Una malango matatu, la katikati likiwa na mchongo wa Hukumu ya Mwisho, na juu yake dirisha la duara, mojawapo ya yale ya kwanza kuwekwa mahali hapo katika uso wa kanisa. Tarehe 14 Julai mwaka huohuo ilianza sehemu ya altare, ikakamilika kwa miaka mitatu na miezi mitatu.

Upya wake unahitaji maelezo. Katika makanisa ya awali dari nzito za mawe zilisukuma kuta kwa urefu wake wote, kwa hiyo kuta zilijengwa nene na madirisha yakawa madogo. Mafundi wa Saint-Denis waliunganisha mambo mawili yaliyokwisha kujulikana kwingine: matao yaliyochongoka, yanayoweza kufikia kimo kimoja hata nafasi zikitofautiana upana, na mbavu za mawe zinazoukusanya uzito wa dari na kuupeleka kwenye nguzo. Ukuta ukapumzishwa, pakapatikana nafasi ya kioo. Njia mbili zinaizunguka altare zikitenganishwa na nguzo nyembamba, na nje yake vikanisa vidogo vimepangwa bega kwa bega, kila kimoja na madirisha marefu ya vioo vya rangi. Nuru iliyopenya humo Suger aliiona kuwa njia ya kuiinua akili kwa Mungu. Fundi mkuu aliyeitekeleza kazi hiyo hakumtaja jina. Suger mwenyewe alionyeshwa katika kioo na katika mchongo wa lango kuu, akiwa amepiga magoti, jambo ambalo mtu aliyelipa gharama zote zile anaweza kusamehewa.

Tarehe 11 Juni 1144 kanisa liliwekwa wakfu mbele ya Louis VII, Malkia Aliénor wa Aquitaine na maaskofu wengi. Walirudi majimboni kwao wakiwa wameona, na mtindo ukaenea. Suger aliitunza pia nchi nzima mfalme alipokuwa vitani Mashariki, 1147 hadi 1149. Alifariki Januari 1151.

Kati ya 1231 na 1281 sehemu ya juu ya altare, mikono ya msalaba na ukumbi mkuu vilijengwa upya, vikiwa na madirisha makubwa ya waridi kaskazini na kusini. Pierre de Montreuil ni miongoni mwa mafundi wake. Louis IX aliagiza sanamu 16 za kulala kwa ajili ya makaburi ya waliomtangulia. Mwaka 1429 Jeanne d'Arc aliweka silaha zake humo, na mwaka 1593 Henri IV alipokelewa humo katika Kanisa Katoliki.

Miaka ya Mapinduzi ya Ufaransa haikuwa myepesi. Utawa ulikoma. Mwaka 1793 makaburi yalifunguliwa, mifupa ikahamishiwa mashimoni kando ya kanisa, na madini ya risasi ya paa yakapata matumizi mengine. Alexandre Lenoir aliokoa sanamu nyingi, na leo zaidi ya 70 zinaonekana mahali pake.

Matukio yaliyofuata ni haya: 1806, Napoléon aagiza matengenezo; 1815, mabaki ya Louis XVI na Marie-Antoinette yaletwa; 1824, mazishi ya Louis XVIII, mfalme wa mwisho kuzikwa humo; 1837, radi yapiga mnara wa kaskazini, nao wabomolewa 1846 baada ya matengenezo ya msanifu François Debret, yaliyofanywa kwa nia njema, kutoa nyufa; baadaye msanifu Viollet-le-Duc ashika kazi; 1862, kanisa laandikishwa kuwa jengo la kihistoria; 1966, lawa kanisa kuu la jimbo jipya la Saint-Denis; 2012 hadi 2015, uso wa magharibi wasafishwa na kukarabatiwa; na kisha mradi wa kuujenga tena mnara wa kaskazini, kwa kufuata michoro aliyoiacha Debret.