Zulia la mfalme kwanza, pua ya seremala baadaye

Wadau, leo nawaletea historia ya kitu tunachokikalia na kulalia bila kukiwazia: vumbi la mbao, na mashine ya kulifyonza.

Mwaka 1901 injinia wa Kiingereza, Hubert Cecil Booth, alitazama maonyesho ya mashine mpya ya usafi jijini London. Mashine ile ilipuliza vumbi, nalo likaruka na kutua palepale. Booth akajiuliza, kwa nini isivute? Akaweka leso kwenye kiti cha mgahawa, akafyonza kwa mdomo. Leso ikachafuka. Jibu akawa nalo.

Mashine aliyoitengeneza ilikokotwa na farasi. Iliegeshwa barabarani, mipira mirefu ikapitishwa madirishani mpaka ndani ya nyumba za wenye nazo. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII.

Hapo ndipo panaponikera. Zulia la mfalme lilihudumiwa mapema. Je, fundi aliyechonga viti?

Msije mkasema elimu haikuwepo. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, alishaandika kitabu kizima kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, vumbi likiwemo. Mwaka 1885 Mmarekani John Finch alipata hataza ya chombo chenye umbo la koni, ambamo hewa huzungushwa kwa kasi na uchafu mzito ukaanguka chini.

Ila seremala aliendelea kuvuta vumbi. Kule High Wycombe, mji wa Uingereza uliosifika kwa viti, daktari bingwa wa masikio, pua na koo, Esmé Hadfield, aligundua kwamba wagonjwa wake wa saratani ya pua wengi walikuwa mafundi wa samani. Mwaka 1968 yeye, Donald Acheson, Ron Macbeth na mwenzao wakachapisha utafiti wao. Hesabuni wenyewe: miaka 66 tangu zulia la mfalme! Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Sasa tushuke karakanani. Nikipita Keko hapa Dar nawaona mafundi wamejifunga kitambaa puani, wanapiga msasa mninga na mvule. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha pua na ngozi. Kitambaa kinazuia maranda. Vumbi laini, lile hatari zaidi, linapita.

Fundi akitaka kununua mashine, aanze na kazi yenyewe. Mashine ndogo ya kufyonza ina nguvu ya kuvuta lakini hupitisha hewa kidogo. Hiyo inafaa msasa wa mkono, na mpira mwembamba unatosha. Mashine ya randa inamwaga maranda mengi, inahitaji feni kubwa inayopitisha hewa nyingi na mpira mpana, milimita 100 hivi. Mpira wa milimita 100 una uwazi mara nne ya ule wa milimita 50, si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Ukiifunga feni kubwa kwenye mpira mwembamba na mrefu, umeinyonga. Mpira uwe mfupi, usio na kona nyingi, laini kwa ndani.

Halafu aulize: hewa inatokea wapi? Mfuko wa kitambaa cha kawaida unabakiza maranda na kurudisha vumbi laini chumbani. Hapo tumerudi kwenye ile mashine ya kupuliza ya 1901! Chujio la HEPA hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3. Chombo cha koni kikitangulia mbele yake, chujio halizibi haraka.

Vifaa hivi ni ghali kwa fundi mmoja, nakubali. Lakini mafundi kumi wanaopakana wanaweza kuchangia. Na sisi tunaobishana bei ya kitanda mpaka shilingi ya mwisho, tujue kwamba kile tunachokipunguza kinaweza kuwa bei ya pua ya mtu.

Nawasilisha.