Kabla ya operesheni: historia ya kupima pumzi, kutoka ngazi hadi saa ya mkononi

Leo tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata. Tuzungumzie kifaa cha kuhesabu hatua, maana swali ambalo madaktari wanataka kilijibu ni la zamani, na kwa sisi wa Lamu lina uzito wake.

Swali lenyewe ni hili. Mtu anataka kufanyiwa operesheni kubwa, tuseme ya tumbo. Baada ya kupasuliwa, mwili hudai oksijeni nyingi kuliko kawaida ili upone. Je, moyo na mapafu yake yatamudu? Kwa miaka mingi madaktari waliuliza tu: "Unaweza kupanda ngazi ghorofa mbili bila kupumzika?" Mwenye nyumba ya mawe pale Mkomani atajibu vizuri. Asiyekaa kwenye ghorofa atakisia.

Mwaka 1993 daktari Paul Older na wenzake huko Australia walichapisha matokeo ya wagonjwa 187 wenye zaidi ya miaka 60. Waliwapandisha baiskeli ya mazoezi na kupima hewa waliyovuta na kutoa. Wale ambao miili yao ilielemewa mapema, takriban 18 katika kila 100 walikufa baada ya operesheni. Kwa wenzao hakufika hata 1 katika 100. Kipimo kizuri, lakini kinataka mashine ghali na mtaalamu wa kuisoma.

Njia ya bei nafuu ilikuwapo. Mwaka 1982 watafiti wa Uingereza walifupisha kipimo cha kutembea dakika 12 kikawa cha dakika 6. Unahitaji saa na ukumbi. Mwongozo wa Marekani wa 2002 ulitaka ukumbi wa mita 30. Hata hivyo, wengi waliendelea kutegemea jicho la daktari. Jicho hilo likapimwa: utafiti wa wagonjwa 1,401 uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba katika kila 100 ambao hawakufikia kiwango, madaktari waliwatambua 19 tu.

Upande wa pili wa hadithi uko Japani. Mwaka 1965, baada ya Olimpiki za Tokyo, kampuni ya Yamasa ilianza kuuza kifaa cha kuning'iniza kiunoni, manpo-kei, yaani kipimo cha hatua 10,000. Namba hiyo ilikuwa ya biashara kuliko ya maabara. Mwaka 2009 Fitbit ya kwanza ikaingia sokoni, na watafiti wakaanza kujiuliza: kwa nini tumpime mgonjwa dakika 6 hospitalini, wakati tunaweza kumpima wiki nzima akiwa kwake?

Kwa mtu wa Faza au Siyu, ambaye lazima avuke bahari ndipo afike Hospitali ya King Fahd, hilo si jambo dogo. Tena utafiti wa 2018 uliofuata wagonjwa 11,422 katika nchi 25 za Afrika ulikuta vifo baada ya operesheni ni mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi. Wengi hawakufia mezani. Walikufa siku zilizofuata. Ukijua mapema nani ni dhaifu, unajua nani wa kukesha naye.

Sasa niingie kwenye fani yangu. Ndani ya saa hiyo mna kihisi kinachopima mtikisiko wa mkono. Programu hutafuta mawimbi yanayojirudia kwa mpigo wa kutembea, kila wimbi ikaliita hatua. Aliyeandika programu alimfikiria mtu anayetembea barabarani mikono ikining'inia. Hamali anayesukuma mkokoteni, mikono imeshika vyuma, hatua zake nyingi zitapotea. Baharia anayevuta tanga atasomeka kama mtu aliyekaa. Na anayetoka Matondoni juu ya punda huenda akahesabiwa hatua za punda!

Kwa hiyo namba peke yake isimhukumu mtu. Ilinganishwe na wiki zake mwenyewe zilizopita, si na 10,000 za Japani, na daktari aulize: kazi yako ni ipi? Nasi tunaoandika programu, tuzijaribu kwa hamali na baharia kabla hazijafika mkononi mwa mgonjwa.