Reli ya Nani?

Wapo wanaodai kwamba reli ilizaa viwanda Marekani, hivyo nasi tungekuwa navyo kama Mjerumani angejenga reli nyingi zaidi. Hoja hiyo inakwepa swali la msingi: reli ya nani? Kati ya 1860 na 1900 reli za Marekani zilikua kutoka kiasi cha maili 30,000 hadi zaidi ya 190,000. Wenyeji waliporwa ardhi, vibarua wa Kichina wakafia milimani. Ubepari ni huo huo. Lakini chuma kilifuliwa Pennsylvania, na bidhaa zikauzwa humo humo nchini.

Hapa Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Kigoma 1914. Vichwa vya treni vilitoka Ujerumani, mali ghafi ikaenda huko.

Mafia haikupata reli, ila ilitawaliwa na kanuni ile ile. Makao ya Wajerumani yalikuwa Chole, karibu na mashamba ya minazi yaliyolimwa na watumwa. Mwaka 1913 yakahamishiwa Kilindoni, kwa kuwa meli kubwa zilitaka kina. Mbata zikafuata meli. Chole ikabaki na magofu ya boma, kuta zake zimeshikwa na mizizi.