Ubwari haikuwa kisiwa: ramani ya kununua na gari la Baraka

Anayenunua gari la kupita Barabara ya Taifa namba 5, kutoka Uvira hadi Baraka na Fizi, ana jambo la kuamua: alipie zaidi lile lenye ramani ya setilaiti ndani ya dashibodi, au atumie simu yake? Historia ya ramani za huku kwetu inasaidia kuamua.

Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipita Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi wakielekea Uvira, wakaiandika Ubwari kuwa kisiwa. Ubwari ni rasi, imeshikana na bara. Hata hivyo kosa lile lilidumu Ulaya hadi Henry Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1876. Ramani ikishachapwa haijirekebishi.

Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya GPS, mfumo unaoonyesha mahali ulipo, mwaka 1978, na mwaka 1990 Mazda ya Japani ikatoa Eunos Cosmo, gari lenye GPS ndani yake. Wakati huo raia walipewa mawimbi yaliyovurugwa makusudi; kosa liliweza kufika mita 100. Kusini mwa Uvira, ambako milima inaibana barabara ufukweni, mita 100 zinakutosa ziwani! Uvurugaji ulikoma Mei 2000.

Sasa tazama gari lililotumika Japani likishuka bandarini Dar es Salaam. Ukiwasha, kioo kinaleta maandishi ya Kijapani, na ramani iliyomo ni ya Japani tu. Mengine yanadai kadi ya ramani iliyobaki Japani. Pesa uliyolipia kioo hicho imekupatia redio.

Ramani ya simu imepita njia nyingine. OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ilianza mwaka 2004, na mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka, waliotibu watu Baraka kwa miaka mingi, wakaungana na wenzao kuanzisha Missing Maps: watu wa kujitolea wanachora nyumba na njia kutoka picha za setilaiti, wenyeji wanaandika majina. Kosa likionekana, linasahihishwa.

Kwa hiyo chagua simu. Nunua kishikio na chaja ya gari, pakua ramani ya Kivu Kusini yote ukiwa bado Uvira. GPS yenyewe haihitaji mtandao. Na masika, kabla ya kuvuka mto wowote, muulize dereva anayetoka upande wa pili, kwa sababu setilaiti haijui kama daraja limesimama.