Huduma ya Tiba na Taka Zake

Katika historia ya tiba, Hombolo yakumbukwa kwa kituo cha wagonjwa wa ukoma kilichohudumiwa na Kanisa Anglikana. Kila kidonda kilichofungwa kiliacha bandeji chafu. Zama hizo bomba la sindano lilikuwa la kioo, likichemshwa na kutumika tena. Baada ya UKIMWI kutambuliwa Kagera mwaka 1983, sindano za kutumika mara moja zilienea, na taka zikaongezeka. Ndiyo sababu sindano iliyotumika hutumbukizwa papo hapo katika sanduku gumu lisilojazwa kupita robo tatu, kisha huchomwa katika tanuri. Kondo la nyuma lina shimo lake. Mfagiaji naye ni jirani yetu: mkono umtibuo mgonjwa usimjeruhi yeye.